KIDOLE CHA MAREHEMU

Sehemu ya tisa

"Mama, huyu unayemlilia hajafa. Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa hapa hapa."

Hapo ndipo tulipomwacha Modesta wiki jana, dirisha namba nne, ofisi ya mafao, Mirongo. Tusizunguke. Turudi palepale.

"Nani alikuwa hapa?" Modesta akauliza.

"Mume wako. Chenge Malimi. Kaja kuhakikiwa kama yu hai. Kaweka kidole, mashine ikakubali."

Jonathan, karani wa dirisha hilo, akageuza kompyuta. Kijana msafi, kucha zimekatwa vizuri, shati limenyooka. Anatafuna karanga moja moja.

Modesta akasogeza uso kwenye kioo.

Picha ndogo. Mzee kavaa kofia ya pama, ndevu nyeupe. Pua ya Chenge. Mdomo wa Chenge. Hata sikio la kushoto, lile lililotoka nje kama mpini wa kikombe, ni la Chenge.

Miaka mitatu! Miaka mitatu mama wa watu anafuatilia mafao ya mjane. Mtumbwi ulipinduka na Chenge akiwa anatoka visiwani kuchukua dagaa, mwili haukuonekana. Leo anaonyeshwa picha.

Akashika ukingo wa dirisha. Mguu wa kulia, wenye bandeji, akaunyanyua usiguse sakafu, machozi yakimtoka.

"Sasa unalia nini?" baba mmoja kwenye foleni akasema. "Mume kafufuka, shangilia!"

"Labda hakufa," mwingine akadakia. "Labda alikimbia harufu ya huo mguu."

Foleni nzima ikacheka. Wazee wa miaka sabini, meno yameisha, wanacheka. Watu wamekaa pale tangu saa kumi na moja alfajiri, unategemea watacheka nini kingine?

Lakini ni kweli mguu ulikuwa unanuka. Modesta ana sukari, na kidonda cha unyayoni kilikuwa kinakula kwenda juu. Kadi yake ya bima ilikuwa inasoma kwa jina la mume, na tangu aripoti kifo imesimamishwa mpaka mafao ya mjane yapite. Daktari hakumficha: "Mama, Ijumaa. Ukija na kadi inayofanya kazi, tunasafisha na mguu unabaki. Ukipitisha Ijumaa, tunakata juu ya goti."

Leo Jumatano.

"Baba, mimi nilizika," Modesta akamwambia Jonathan. "Barua ya mahakama hiyo hapo. Muhtasari wa kikao cha ukoo huo hapo, watu kumi na wanane wamesaini."

"Mlizika nini?"

Modesta akainamia karatasi zake.

"Nakuuliza, mama. Mwili hamkuupata. Kaburini mliweka nini?"

"Mgomba."

"Sema kwa sauti."

"Mgomba! Ukoo wao mtu akipotelea ziwani, unakatwa mgomba, unavalishwa shati lake, unazikwa."

Jonathan akageukia wenzake ndani. "Jamani, njooni msikie. Huyu mama anataka serikali imlipe mafao ya mgomba."

Wakacheka nao. Karani mmoja alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha Jonathan akaacha kucheka, ghafla, kama mtu aliyezima taa. "Kuombea mafao ya kifo mtu aliye hai ni jinai. Nikinyanyua simu sasa hivi unalala ndani na huo mguu. Unanielewa? Niletee mtu au niletee maiti. Mgomba sipokei. Anayefuata!"

* * *

Nje ya geti la ofisi kuna kibanda cha Mwaija. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anaandikia watu barua. Wazee wote wa uhakiki wanapita kwake.

"Mama, kaa hapo kwanza," Mwaija akamwambia. "Umekuwa mweupe. Wamekufanya nini leo?"

"Wanasema mume wangu yu hai. Alikuja Jumanne. Amevaa kofia ya pama."

Mwaija akakunja uso. "Kofia ya pama, ndevu? Mbishi, anataka kopi apunguziwe?"

"Unamjua?"

"Nilimpiga picha mimi. Na barua yake nilitoa kopi, ya kwanza ikatoka imekunjamana." Akainama chini ya meza, akachakura kwenye boksi la karatasi mbovu. "Ila ukiulizwa, mimi sijakupa kitu. Nina watoto."

Modesta akasoma. Barua ya utambulisho kutoka kijijini, Sengerema. Muhuri upo. *Tunamtambulisha Ndugu Chenge Malimi, mstaafu, ambaye kwa sasa anaishi kwa mdogo wake, Yakobo Malimi.*

Yakobo!

Shemeji yake. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kile kikao cha ukoo. Ndiye aliyekata ule mgomba kwa mkono wake. Ndiye aliyelia kuliko wote, mpaka watu wakamshika asiingie kaburini!

"Wamemficha," Modesta akasema. "Yuko kwa Yakobo. Miaka mitatu yuko kwa Yakobo, mimi naoza."

Hakwenda nyumbani Pasiansi hata kubadilisha bandeji. Akaenda kupanda kivuko cha Kamanga.

* * *

Saa tisa mchana alikuwa kwenye ua wa Yakobo.

Ua umebadilika. Bati jipya. Tangi la maji. Ng'ombe wanne wamefungwa pembeni, wanene. Na chini ya paa la mbele, mzee amekaa kampa mgongo, kofia ya pama kichwani, anakula muhogo.

Mabega yale. Shingo ile.

"Chenge," Modesta akaita.

Mzee hakugeuka.

"Chenge! Nimenyoa nywele kwa ajili yako. Nimelala chini siku arobaini. Geuka nikuone, mwanaharamu wewe!"

Mzee akageuka.

Hakuwa Chenge.

Alikuwa Yakobo. Ndevu amezifuga, kofia ya kaka yake kaivaa, sikio la ukoo limetoka nje lilelile, na anatafuna taratibu kama hana habari.

"Shemeji," akasema. "Karibu. Mbona hukupiga simu? Tungechinja kuku."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko ziwani. Si tulikwambia?"

"Kaweka kidole Jumanne! Mashine imekubali!"

Yakobo akanyanyua mkono wa kulia. Akanyoosha kidole gumba, akakitazama, akakifuta muhogo. "Mashine imekubali hiki."

Modesta alisimama pale kama kapigwa na kitu kichwani. Kwa sababu alikumbuka. Na wewe msomaji shika roho, maana hili ndilo lililomuua huyu mama akiwa bado anatembea.

Miaka mitano iliyopita, uhakiki wa kwanza wa alama za vidole. Chenge alikuwa mstaafu wa vivuko vya serikali. Miaka thelathini anavuta kamba na minyororo, vidole vimelika vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ikamkataa. Kidole cha kwanza mpaka cha kumi, vyote imevikataa. Siku tatu wanapanga foleni, siku tatu wanarudishwa. Siku ya tatu Yakobo alikuwepo, kamsindikiza kaka yake. Kijana wa mashine kachoka, hanyanyui hata kichwa.

Na Modesta, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema: "Yakobo, weka cha kwako basi twende nyumbani. Nyie si damu moja?"

Picha ikapigwa ya Chenge. Kidole kikawekwa cha Yakobo. Mashine ikalia vizuri. Wakaondoka wanacheka, wakapitia sato wa kukaanga.

"Umekumbuka eeh?" Yakobo akasema. "Naona sura imekumbuka."

"Wewe ni mnyama."

"Mimi ni Chenge Malimi. Nenda kaulize Mirongo. Kila mwaka naenda, kila mwaka nipo hai. Pensheni inaingia, haichelewi."

"Nitakushitaki!"

"Nishitaki. Utamwambia hakimu nini? Nani alisema niweke kidole? Mimi nilikuwa nimemsindikiza kaka tu." Akamwangalia mguuni, akaziba pua kwa kofia. "Mh. Shemeji, huo utakatwa."

Modesta akakaa chini kwenye vumbi.

Yakobo akamalizia muhogo wake. Kisha akasogea karibu, akachuchumaa, akazungumza kwa upole. Upole wake ndio ulikuwa mbaya zaidi.

"Sikia. Sina roho mbaya. Kwenye kompyuta mimi ni mume wako, si ndiyo? Mume yu hai, basi na kadi ya mke inafunguliwa. Kesho twende wote Mirongo. Wewe useme tu ulikosea, mume hakufa, alipotea akarudi. Kadi inafunguka hapo hapo, Ijumaa unatibiwa, mguu unabaki. Mimi naendelea na shughuli zangu. Tatizo liko wapi?"

"Na Chenge?"

"Chenge hana mguu unaouma, shemeji."

Wewe ungesema nini? Usijibu haraka. Vua kiatu kwanza, angalia mguu wako, halafu ujibu.

Modesta alisema: "Sawa."

* * *

Alhamisi, saa nne asubuhi. Foleni ileile, karanga zilezile.

Jonathan alipomwona Yakobo nyuma ya Modesta hakushangaa hata kidogo. Ukiwa makini, hilo pekee lingekushtua. Modesta hakuwa makini. Alikuwa na homa, bandeji imelowa.

"Umeniletea mtu. Safi," Jonathan akasema. "Hili halimalizikii dirishani. Piteni ndani."

Shaibu, mlinzi, akawafungulia. Chumba kidogo cha nyuma. Mafaili mpaka darini, mafaili sakafuni, mafaili juu ya viti. Wajane wote wa kanda wamelala mle kwenye vumbi. Mezani kuna kompyuta, kile kimashine cha vidole, na mashine ya kukatia karatasi, ile ya ubao wenye kisu kirefu pembeni kama panga, kimeachwa juu. Jonathan alikuwa anakatia picha za wastaafu.

Mlango ukafungwa.

"Mama, tumalize. Huyu ni mume wako?"

Modesta akamwangalia Yakobo. Yakobo akamtabasamia, akamzungushia mkono kiunoni. "Sema basi, mke wangu. Watu wana kazi."

Mke wangu.

Kama angenyamaza! Wasomaji, kama yule mjinga angenyamaza tu, mambo yangeisha kwa amani. Lakini ule mkono ulipanda, ukaminya, na Modesta akahisi kile kidole gumba kinamsugua ubavuni.

"Siye," akasema.

"Umesemaje?"

"Huyu ni Yakobo, mdogo wake. Mume wangu yumo ziwani. Kidole mlichonacho humo ni cha huyu tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyemwambia akiweke. Nilikosea. Nifungeni. Lakini huyu siye."

Yakobo akatoa mkono kama kaungua.

Jonathan akatupa karanga mdomoni. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo. Akarudi akakaa.

"Mama yangu," akasema, "unadhani mimi sijui?"

Modesta akamgeukia Yakobo.

"Yakobo hakukwambia? Nusu inaenda Sengerema, nusu inabaki meza hii. Mwaka wa kwanza nilimkamata, alipokuja na kidole chake na ndevu za kuazima. Nikaona huyu mzee ana akili, kwa nini nimfunge? Faili lako limekaa masijala miaka mitatu, ulidhani limepotea? Nilikuwa nimelikalia. Hivi." Akainuka kidogo, akachomoa faili la bluu chini ya makalio. CHENGE MALIMI, MIRATHI. Akalirusha juu ya mengine.

"Mwanangu," Modesta akasema, "nitapiga kelele."

"Kelele zipige. Nani pale nje hapigi kelele?" Akavuta kibodi. "Jina lako kamili, mama? Haya, nimeliona. Mtegemezi, mke, Modesta. Hali..." Akaandika kitu kifupi. Akabonyeza. Akageuza kioo.

*MTEGEMEZI: MODESTA. HALI: AMEFARIKI.*

"Kadi yako inasoma kutoka humu," akamweleza taratibu, kama mwalimu. "Kesho ukifika hospitali, watakuta marehemu. Ukienda polisi, marehemu. Ukitaka kubadilisha, unaandika barua, inakuja kwenye dirisha namba nne, kwangu. Mimi naiweka hapa." Akapigapiga kiti.

Yakobo akacheka. Alicheka kwa kupumua, kama mtu aliyenusurika ajali. "Pole, shemeji. Nilikwambia useme ndiyo."

"Mzee Chenge, hongera, umekuwa mgane," Jonathan akasema. "Njoo uweke kidole kwenye hii fomu, uthibitishe mke kafariki."

Meza haikuwa na nafasi, mafaili yamejaa. Akailaza fomu juu ya ubao wa mashine ya kukatia. Akasogeza kikopo cha wino.

Yakobo akachovya kidole gumba. Akainama.

"Jonathan," Modesta akaita. Sauti yake ilikuwa imetulia vibaya. "Kwa hiyo mimi nimekufa?"

"Umekufa, mama."

"Aliyekufa anashitakiwa?"

Jonathan akacheka. "Nani amshitaki marehemu?"

Gumba la Yakobo lilikuwa limekandamiza karatasi, ncha yake imevuka ukingo wa ubao.

Modesta akadaka mpini wa kile kisu, akaning'inia nao. Uzito wote. Mguu mbovu ukaachia sakafu.

Kelele aliyopiga Yakobo sitaiandika, gazeti hili linasomwa mezani. Alirudi nyuma, akagonga ukuta wa mafaili, yakamporomokea. Akakaa chini amekumbatia mkono, damu inapita katikati ya vidole vinne, anamwita mama yake aliyekufa zamani.

Modesta alikuwa sakafuni upande wa pili, anahema. "Haya," akasema. "Nenda mwakani ukawe Chenge."

Na Jonathan?

Hakumsaidia Yakobo. Hakumkamata Modesta. Macho yake yalikuwa mezani, kando ya ubao, kwenye kile kitu kidogo kilichobaki pale, cheusi kwa wino upande mmoja, chekundu upande mwingine.

Akakiokota kwa vidole viwili.

Akakifuta na shati lake lililonyooka. Akakilaza juu ya kimashine.

Taa nyekundu.

"Jonathan..." Yakobo akalia. "Mwanangu... niitie gari..."

"Kausha kidogo, mzee, usilie." Akakifuta tena, vizuri zaidi, akakipulizia pumzi ya moto. Akakilaza.

Taa ya kijani. Mlio mmoja mtamu.

*CHENGE MALIMI. AMEHAKIKIWA. YU HAI.*

Jonathan akaangalia kioo muda mrefu. Kisha akamwangalia Yakobo pale chini, kuanzia kofia mpaka viatu, kama mtu anayehesabu kitu alichokuwa anakilipia bure. Kisha akamwangalia Modesta, ambaye serikalini hayupo tena.

"Miaka mitatu," akasema polepole. "Miaka mitatu nagawana nusu na mtu, kumbe nilichokuwa nahitaji ni kidole."

Akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Akashika mpini wa kile kisu, akakinyanyua juu, na Modesta na Yakobo wakasikia skrubu moja ikianza kulegea. Alikuwa anakifungua kutoka kwenye ubao.

Mlango ukagongwa. "Bosi?" Ilikuwa sauti ya Shaibu. "Nimesikia mtu analia. Kuna shida humo?"

"Hakuna shida," Jonathan akajibu, hakugeuka. "Waambie foleni wasubiri."